Siongezi, Sipunguzi

Agosti ya mwaka ule, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nilikwenda kukaa wiki nzima kando ya bahari ya Wales pamoja na wanaume kumi na wanane ambao, kama mimi, walikuwa wanaume wa kupenda wanaume. Nyumba ilikodiwa kwa ajili yetu, ratiba ilibandikwa jikoni, na kila mtu alipangiwa siku yake ya kupika. Hilo silionei aibu. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kuitafuta aibu mahali isipokuwepo. Mimi mwenyewe niliitafuta hapo kwa miaka mingi, kumbe ilikuwa imekaa kwingine kabisa, imetulia, inaningoja.

Aibu yangu ilianzia Tyseley, mtaa wa viwanda wa Birmingham, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa karakana ya kutengeneza giaboksi. Kanisa letu liliupanga kwa siku za Jumapili. Ukikaa upande wa dirishani uliona bomba la mtambo wa kuchoma taka za jiji likitoa moshi mweupe kutwa nzima, jambo lililomrahisishia mchungaji kazi kila alipohubiri habari za jehanamu. Waumini karibu wote walikuwa familia za mashariki ya Kongo. Mimi ni Mkenya wa Nakuru. Nilianza kwenda pale kwa sababu ya chakula na lugha, kwa mpangilio huo, nikabaki kwa sababu nilipewa kazi. Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili cha kwao, nami nilisimama kando yake nikigeuza kila sentensi kuwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa na kwa ajili ya wageni Waingereza. Watoto walikuwa wanaelewa Kiswahili vizuri, na wageni Waingereza hawakuwahi kuja. Hata hivyo nilitafsiri kwa bidii.

Siku za kazi nilikuwa mkalimani wa hospitali na zahanati. Kabla ya kuanza, nilimwambia daktari na mgonjwa maneno yaleyale, kwa lugha mbili: "Mimi siongezi, sipunguzi. Kitakachosemwa nitakisema kama kilivyosemwa, na nikitoka hapa nimekisahau." Niliyasema taratibu, mkono mmoja juu ya meza. Nilijipenda sana nilipokuwa nikiyasema.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama mmoja wa Uvira, wa makamo, mwenye shinikizo la damu na goti bovu, ambaye pia alikuwa nguzo ya kwaya yetu. Aliniita papa interprète, yaani baba mkalimani, kwa Kifaransa chao, na kwa kuwa sikuwa na mke alichukulia kwamba sili. Jumapili baada ya ibada alinijazia sahani ya sombe na samaki, akasimama juu yangu mpaka imalizike. Sombe ni kisamvu, lakini ukimwambia hivyo anakukatalia.

Ni yeye aliyeniuliza, tukiwa tunakunywa chai nyuma ya ukumbi.

"Papa interprète, nasikia Jumapili ya pili hautakuwa."

"Sitakuwepo, mama. Nasafiri."

"Unaenda wapi?"

"Wales. Kando ya bahari."

"Kufanya nini?"

Ningeweza kusema napumzika. Lakini huyu alikuwa mwanamke anayeamka saa tisa za usiku kwenda kufagia ofisi za watu, na kwake mtu mzima haendi kukaa bure baharini. Angeuliza na nani. Nikijibu na marafiki, angeuliza wepi. Niliona maswali yote yamejipanga kama watu wa foleni, nikachagua mlango wa nyuma.

"Mafungo," nikasema.

"Ya kuomba?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Saba!" Akapiga makofi, akageuka kuwatangazia wenzake. "Mumesikia? Siku saba! Na nyinyi mulikuwa munasema ni mutu wa vitabu tu."

Kumbe kwao mtu akitangaza kwamba anakwenda kujitenga kuomba, haendi na mikono mitupu. Anabeba mizigo ya wenzake. Sikuujua utaratibu huo, na hata ningeujua nilikuwa nimekwisha kupiga makofi pamoja nao. Jumapili iliyofuata, ambayo ndiyo iliyotangulia safari yangu, niliitwa mbele. Mchungaji akaniwekea mikono kichwani na kuliambia kanisa kwamba ndugu yetu anakwenda kuutafuta uso wa Mungu. Kisha akanyamaza, akinisubiri. Nilikuwa mtafsiri. Ilinibidi niseme kwa Kiingereza, mikono yake ikiwa bado juu ya utosi wangu, kwamba ndugu yetu anakwenda kuutafuta uso wa Mungu. Watoto wa mstari wa mbele walinitazama kwa huruma.

Halafu wakaja mmoja mmoja na vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, wakavitia katika bahasha ya khaki. Sharti lilielezwa waziwazi. Mbebaji hafungui karatasi ya mtu. Anaishika bahasha kila siku na kuomba. Siku ya mwisho anazichoma zote palepale alipoombea, majivu yanabaki huko. Hakuna karatasi inayorudi nyumbani, kwa sababu mzigo uliotuliwa haubebwi tena. Bahasha ilinona hata ikafungwa kwa mpira.

Mama wa Uvira hakuweka kitu. Alinivuta mpaka chumba cha kuwekea viti.

"Yangu utaniandikia wewe," akasema. "Mimi mukono hauandike."

Nikatoa kalamu. Akakaa kwenye kiti kimoja, goti lake likalia.

Alinieleza. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa amemleta rafiki yake nyumbani. "Mutu muzuri, ana adabu. Sombe yangu alikula mara mbili." Mama akawaona wanavyotazamana. Akauliza, na mwanawe hakuficha. "Pale nikasema neno. Siwezi kulirudilia mbele yako." Mwana akasimama, akachukua koti, akaenda London, na sasa ulikuwa unapita mwaka wa pili.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya karatasi. Nilihisi masikio yangu yakipata moto kama ya mwanafunzi aliyekamatwa.

"Andika," akasema. "Mungu anirudishie mutoto wangu. Nilisema neno mubaya, na mudomo yangu mwenyewe. Arudi. Akule. Basi."

Kazi yangu ilikuwa kuandika hayo. Si mengi. Lakini nilijua maombi ya kanisa letu yanavyoandikwa, na nilijua jambo jingine. Mwanamume wa miaka arobaini na mmoja asiye na mke, akiandika ombi laini namna ile juu ya kijana wa namna ile, huenda mtu angesema anamwelewa mno. Hakuna aliyekuwa akitutazama zaidi ya viti. Nikaandika: *Ee Bwana, mfungue mwanangu kutoka katika vifungo vya hali ile, umponye na kumtakasa, ndipo umrudishe nyumbani kwangu.*

Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ile ya Jumapili.

Aliutazama mwandiko wangu kama mtu anavyotazama nguo ya kushonewa ambayo imetoka tofauti na alivyoagiza.

"Ni Kiswahili ya juu," akasema mwishoni.

"Ndivyo unavyotaka, mama?"

"Wewe ndiye unajua kuandika." Akaikunja mwenyewe mara nne, akainuka kwa kulishika bega langu.

Jumatatu nilipanda treni. Bahasha niliiweka chini kabisa ya mkoba, na kwa haraka za asubuhi juu yake nikatupia kaptula ya kuogelea, ambayo nilikuwa nimeinunua rangi ya manjano kwa ujasiri ambao uliniisha kabla sijafika nayo nyumbani. Hivyo ndivyo maombi ya kanisa zima yalivyovuka mpaka wa Wales.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya mawe, yenye milango mifupi iliyojengwa na watu wafupi. Nikiingia sebuleni kwa mara ya kwanza, nikitengeneza uso wa mtu asiyeogopa, nilijigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu.

"Mama yangu wee!"

"Pole, ndugu," ikasema sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili. "Hapo mimi nimejigonga mara mbili leo."

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji, sweta imefungwa vifungo vyote. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Watu wa Kiswahili wa Birmingham ni wachache kiasi kwamba ukipiga chafya Balsall Heath, mtu wa Tyseley anakuombea afya.

Nami, msomi wa isimu, nikamtazama na kumwambia kwa Kiingereza kwamba samahani, sikumwelewa.

Aliangalia paji langu lililokuwa likivimba, akatabasamu kidogo. "Sawa," akasema, akaenda kutafuta barafu. Aliniletea akiwa ameifunga kwa taulo na hakusema neno jingine. Siku mbili nilikaa upande wa pili wa kila chumba alichokuwamo.

Sina mengi ya kusimulia juu ya mafungo yenyewe, na hilo huwakatisha tamaa wachache niliowahi kuwaambia. Wanafikiri kulikuwa na vituko. Kulikuwa na uji wa shayiri. Asubuhi tulinyooshana viungo juu ya mikeka ufukweni, wanaume wenye vitambi na mawani, upepo ukituibia soksi. Bahari ilikuwa ya rangi ya chai ya hospitali, na baridi yake ilimfanya mhasibu mmoja mstaafu wa Sutton Coldfield aite majina ya watu waliokufa. Baada ya chakula cha mchana tulikaa duara. Jiwe lilizungushwa, aliyelishika alisema, wengine walinyamaza. Watu walisimulia wake zao, baba zao, miaka waliyoipoteza. Walilia na kupeana leso. Mimi niliyeketi pale nikifikiri nimelikimbia kanisa nilitambua baada ya siku moja kwamba huu ulikuwa ushuhuda, mstari kwa mstari, ila viti vilikuwa laini zaidi. Jiwe lilipofika kwangu nilisema nafurahi kuwapo, nikalipitisha upesi kama sufuria ya moto.

Jumatano ratiba ilinipanga kuosha vyombo pamoja na mzee wa Kihindi. Yeye aliosha, mimi nikafuta. Sahani kama tano zilipita.

"Nilizaliwa Kisumu," akasema kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Baba alikuwa karani wa reli. Nina duka la vitambaa huko Sparkbrook, nina mke, nina wajukuu wanne. Mke anajua niko kwenye maonyesho ya biashara ya nguo. Sasa niambie, kati yetu wawili, nani anafaa kuogopa nani?"

Nikacheka. Kisha nikasema, kwa Kiswahili, "Wako ni maonyesho ya nguo. Wangu mimi ni mafungo ya maombi."

Aliiacha sahani majini. "Wacha!"

"Siku saba. Nimepewa na bahasha."

"Bahasha ya nini?"

Nikamsimulia yote mpaka vikombe vikaisha. Alicheka ile sehemu ya kujitafsiri mikono ikiwa kichwani, akacheka mpaka ikabidi ashike sinki. Nilipofika kwenye chumba cha viti aliacha kucheka.

"Yeye alisema nini hasa?"

"Arudi, ale, basi."

"Na wewe ukaandika?"

Nikamwambia nilichoandika, neno kwa neno. Nilikikumbuka vizuri mno.

"Kwa mwandiko mzuri?"

"Mzuri sana."

Akakausha mikono kidole kimoja kimoja. "Bwana," akasema, "mimi nimemdanganya mke wangu miaka thelathini na minane. Lakini sijawahi kuandika uongo wangu nikasema ni maneno yake."

Nilikifuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka.

Jumapili alasiri, siku ya mwisho, ratiba ilisema, tungewasha moto ufukweni, na kila mmoja angeandika kwenye karatasi jambo analotaka kuliacha nyuma na kulitupa motoni. Niliposoma hayo jikoni nilikaribia kuamini kwamba Mungu naye ana mzaha. Nikapanda juu, nikaitoa bahasha kutoka chini ya kaptula ya manjano. Lazima nikiri kwamba sikuwa nimeishika hata siku moja. Siku hiyo niliishika. Niliketi kitandani nayo magotini na sikujua niseme nini kwa niaba ya watu arobaini, kwa hiyo nikasema, kwa sauti, "Wape." Ndilo ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba, na pengine ndilo la pekee la kweli.

Motoni watu walitupa vikaratasi vyao, mmoja mmoja. Mimi nikatupa bahasha. Kiongozi wetu, Mwingereza wa makubazi, aliniangalia kwa heshima kubwa. Nadhani alidhani nina mambo mengi ya kuacha.

Kimoja kilibaki mkononi. Nilikuwa nimekitoa kabla, kwa kuwa mkunjo wake ulikuwa wa mama na niliujua. Nilinyoosha mkono kuelekea ndimi za moto. Mzee wa Kisumu, aliyesimama kando yangu, akanishika kiwiko.

"Hicho ukichoma, umeficha ushahidi."

"Sharti ni kuchoma. Hakuna kinachorudi."

"Sharti ni la maombi yao. Hiki ni chako." Tulikuwa tunanong'ona kwa Kiswahili, huku wenzetu wakianza kuimba. "Ukirudi, mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba mimi…"

"La karatasi, bwana. Mengine ni yako, utayasema siku ukipenda, au hutayasema kama mimi. La karatasi ni haki yake."

Nikaitia mfukoni.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda, kwa kuwa aliyekwenda lazima aseme alichokiona. Nilikuwa nimeapa kusema maneno machache. Badala yake nilisema kwa dakika nyingi, na vizuri. Nikasema nilikaa na ndugu ambao sikujua kwamba ninao. Nikasema niliona wanaume wazima wakilia bila kuona haya. Nikasema tuliimba ufukweni, na moto ukawaka, na mizigo ikachomwa. Hakukuwa na neno moja la uongo ndani yake. Kila sentensi nikaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, bila kuongeza, bila kupunguza. Kina mama walipiga vigelegele. Nimewahi kudanganya mara nyingi maishani, lakini sijawahi kudanganya kwa ukweli mtupu kama siku ile.

Mama wa Uvira alinifuata kwenye chai. Hakuwa amepiga vigelegele.

"Uliomba ile yangu?"

"Niliomba, mama," nikasema, nikikumbuka lile "Wape" langu.

"Nilimutumia ujumbe." Alisema hivyo akitazama kikombe. Wakati mimi niko baharini, alikuwa amemwita binti yake wa mwisho, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, amwandikie kaka kwenye simu. Alimwambia aandike maneno ya ile karatasi. Alikuwa ameyashika kwa kichwa, yote, vifungo na kuponywa na kutakaswa, jinsi mtu asiyeandika anavyoshika kitu alichosomewa mara moja. "Nikafikiri, ni maneno ya mutu wa masomo. Ataheshimu."

"Akajibu?"

"Akajibu tusimutafute tena."

Nilitazama dirishani. Bomba lilikuwa likitoa moshi wake mweupe. Karatasi ilikuwa ndani ya pochi yangu, sentimita chache kutoka alipokuwa amesimama, na ningeweza kuitoa. Nikamwambia tuendelee kuomba.

Niliendelea kumwambia hivyo Septemba nzima. Nilitafsiri mahubiri. Nilikula sombe. Zahanati niliweka mkono juu ya meza na kusema siongezi, sipunguzi, mpaka siku moja, mbele ya mgonjwa mwingine kabisa, niliishia kwenye siongezi, nikajifanya nakohoa. Daktari akanimiminia maji.

Oktoba nilikwenda kwake. Alikuwa jikoni, anatwanga vitunguu saumu. Nikaitoa karatasi na kuiweka mezani, ingali na mikunjo yake minne.

Hakuwa anajua kusoma, lakini ile aliitambua kabla sijaiachia.

"Hii haikuchomwa," akasema. "Juu ya nini?"

"Kwa sababu si yako, mama. Ulisema arudi, ale. Yale ya vifungo, ya kuponywa, niliyaongeza mimi."

Mchi haukusimama. "Najua. Nilikuwa pale."

"Ulijua?"

"Nilisema maneno yangu na mudomo wangu. Nitakosa kujua?"

"Mbona hukunikatalia?"

"Wewe ndiye ulikuwa na kalamu." Sasa akauweka mchi chini. "Nikasema, huyu amesoma. Kama mutu amesoma anaona maneno yangu hayatoshi kwa Mungu, basi hayatoshi. Nikayabeba yako. Nikamutumia mutoto." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Wewe uliongeza juu ya nini?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama yule alikuwa amekwisha kulijutia neno lake. Alikuwa amekaa miaka miwili akimsubiri mtu wa namna yangu arudi kula. Katika Birmingham yote sidhani kulikuwa na jiko salama zaidi.

"Niliogopa," nikasema.

"Nini?"

"Kanisa."

Alinitazama, kisha akaenda kwenye droo, akarudi na daftari la shule la binti yake. "Basi andika nyingine. Ya kwake, si ya Mungu. Mungu alishasikia."

Nikakaa. Akasema, "Kuya. Chakula iko. Mama yako."

"Basi?"

"Basi."

Niliandika hivyohivyo, *kuya, chakula iko*, bila kuigeuza *kuya* kuwa njoo, kwa mkono uliofundishwa chuo kikuu miaka minne, na mkono haukukauka. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akagonga nafasi tupu iliyobaki chini ya ukurasa kwa kidole chenye harufu ya kitunguu saumu.

"Weka na wewe neno moja. Mutu kama wewe, atasikia."

Sijui alimaanisha nini kwa mutu kama wewe. Nimeligeuza swali hilo pande zote. Huenda alimaanisha msomi. Nilishika kalamu, na maneno yalikuwapo, manne au matano tu, ambayo kijana aliye peke yake London angeyasoma na kukaa chini. Nilijua hata alama ya nukta ingekaa wapi. Nikaandika: *Nami nakusalimu.*

Mara hiyo nilipunguza.

Barua ilikwenda kwa njia ya binti, aliyejua anwani. Novemba, Jumamosi moja, mama alinipigia simu na nusu ya kwanza ya maneno yake sikuisikia kwa sababu alikuwa akicheka.

"Kesho anakuja! Anasema barua ilikuwa sauti yangu kabisa, alinisikia ndani ya treni. Na rafiki anakuja naye. Nawapika samaki. Kuya na wewe, papa interprète. Mutoto anataka kumuona mutu aliyeandika."

"Kesho nina kazi hospitali, mama."

"Jumapili jioni?"

"Ugonjwa haujui Jumapili."

Sikuwa na kazi. Nililijua lile jiko lilivyo dogo. Nilijua tungekaa magoti yakigusana, kijana angenitazama, na asingehitaji kuambiwa, sisi hatuhitaji. Na ningekuwa nimekaa pale, mbele ya vijana wawili waliokuja na miguu yao wenyewe, nikila samaki kama mjomba wa kanisa. Basi nikabaki chumbani kwangu Balsall Heath, juu ya mkahawa, nikasikiliza feni ya jiko lao ikivuta moshi wa nyama za watu wengine.

Saa mbili usiku binti yake aligonga. Alinipa bakuli la plastiki lililokuwa la aiskrimu, limejaa samaki, bado la moto, limefungwa mifuko miwili. Akasema kwa Kiingereza, kwa haraka ya mtoto anayesubiriwa garini, kwamba mama anasema nile kabla halijapoa, na kaka yake anasalimia.

Anasalimia. Nilimpa kipimo hicho, akanirudishia hichohicho, hakuzidisha.

Gari lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, taa zinawaka. Ndani niliona vichwa viwili mbele. Kimoja kiligeuka kuelekea mlangoni kwangu. Niliinua bakuli kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba amepokea, nikafunga mlango.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kwao vilevile. Mama alinikumbusha Jumapili kadhaa, "Bakuli yangu, papa interprète," nami nikajibu, "Nitaileta, mama," mpaka akaacha kuuliza. Nimehama nyumba mara mbili tangu hapo. Liko juu ya kabati, kifuniko chake bado kina harufu ya samaki. Mara mojamoja nalishusha, nalisafisha, nasimama nalo jikoni nikitafuta cha kutia.